Sura ya Sita: Chakula cha Ndege Bustanini, na Dhima ya Mwenye Kukiweka

Swali ambalo watu hawachoki kuliuliza, na aghalabu huliuliza wakiwa wamekwisha kulichagulia jibu mioyoni mwao, ni hili: je, mtu awekaye nafaka, matunda au maji bustanini mwake kwa ajili ya ndege wa porini huwa amewatendea ihsani, au huwa amewaharibia maumbile yao na kuwafundisha uvivu? Wako waulizao kwa kuwa wamewahi kukaa Ulaya au Marekani, wakaona jinsi kila nyumba yenye kipande cha bustani inavyotundika mtini kikopo cha mbegu. Wako waulizao kwa kuwa dini imewafunza kwamba apandaye mti, na ndege akala katika matunda yake, huandikiwa sadaka. Na wako, hasa watu wa mabonde ya mpunga, waulizao kwa mshangao mtupu, kwani wao tangu utotoni walipandishwa dunguni na kupewa kombeo ili wawafukuze ndege hao hao ambao wenzao huwaalika. Wote watatu wana haki ya kujibiwa, na jibu lenyewe haliwezi kutolewa kwa neno moja la ndiyo au hapana, kwa kuwa chakula kile kile kimwokoacho ndege katika nchi moja chaweza kumwua katika nchi nyingine, au hata katika bustani ya jirani.

Katika sura hii nitatumia neno kilishio kwa maana ya chombo chochote kitiwacho chakula cha ndege wa porini, kiwe sahani juu ya mti, ubao uliopigiliwa juu ya nguzo, au mrija wenye matundu ya kuchopolea mbegu.

Ada hii ilivyoanza

Kuwalisha ndege wa porini, kama ada ya watu wa kawaida waishio katika nyumba za kawaida, kulienea Uingereza mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1889, karibu na mji wa Manchester, mama mmoja aitwaye Emily Williamson aliwakusanya wanawake wenzake wakaapa kutovaa manyoya ya ndege waliouawa kwa ajili ya kupamba kofia, na jumuiya yao hiyo ndiyo iliyokua hata ikawa RSPB, chama kikubwa cha kuhifadhi ndege cha Uingereza. Majira ya baridi ya 1890 kuingia 1891 yalikuwa makali mno, ardhi ikaganda kwa majuma mengi, na magazeti yakawahimiza wasomaji wayatoe nje makombo ya mezani ili ndege wasife kwa njaa. Watu waliitikia, na walipokwisha kuitikia hawakuacha tena. Hata ilipofika 1910 jarida la Punch liliweza kusema kwamba kuwalisha ndege kumekuwa burudani ya taifa zima.

Ili tufahamu kwa nini jambo hili lilishika mizizi huko, yatupasa tufikirie hali ya ndege mdogo katika nchi ya baridi. Yuko ndege mmoja mwenye kichwa cha buluu na kifua cha manjano, ambaye Waingereza humwita blue tit, na uzito wake ni kadiri ya gramu 11 tu. Mwishoni mwa Desemba mchana wa London haufiki muda wa saa nane, nao usiku hupita saa kumi na sita. Katika mchana huo mfupi kiumbe huyo hana budi kula na kuweka mwilini mafuta ya kutosha kumvusha hadi alfajiri, na usiku wa baridi kali huweza kumpunguzia karibu sehemu moja katika kumi ya uzito wake. Ndege wa namna hiyo akikosa chakula mchana mmoja, usiku ufuatao waweza kuwa ndio wa mwisho wake. Kwa hiyo kiganja cha mbegu za alizeti au karanga, ambacho kwetu ni kitu hafifu, kwake huko ni uhai wenyewe.

Wala biashara iliyozuka kutokana na ada hii haiko mbali na pande zetu. Mbegu nyeusi nyembamba ziitwazo nuug nchini Ethiopia, ambazo wenyeji huzikamua mafuta ya kupikia, husafirishwa pamoja na zile za Bara Hindi hadi Marekani. Huko hutiwa katika mirija yenye matundu membamba kwa ajili ya chiriku, yaani ndege wadogo wenye midomo minene walao mbegu. Kabla ya kuuzwa hupitishwa katika joto kali ili mbegu zidondokazo chini zisiote zikawa magugu. Mkulima wa Ethiopia na chiriku wa Marekani wameunganishwa hivyo na uzi wa riziki ambao wote wawili hawaujui.

Je, ndege hulishwa akawa mvivu?

Hofu hii ni ya zamani, na wanaoitoa huitoa kwa nia njema. Kwa bahati wako watu walioichunguza badala ya kubishania. Katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, katika miaka ya 1980, wachunguzi waliwafuatilia ndege wadogo wenye kichwa cheusi, walio wa ukoo mmoja na yule wa buluu niliyemtaja, wengine wakiishi karibu na vilishio na wengine katika misitu isiyokuwa na kilishio chochote. Waliona kwamba ndege mwenye kilishio karibu naye hupata hapo kadiri ya sehemu moja tu katika tano ya mahitaji yake ya siku, na zilizobaki huendelea kuzitafuta magomeni na majanini kama walivyofanya wazazi wake. Majira ya baridi yalipokuwa makali, kati ya kila ndege 100 wenye vilishio walinusurika 69, na kati ya kila 100 wasiokuwa navyo walinusurika 37.

Baadaye walifanya jambo ambalo kwangu mimi lina uzito zaidi. Waliviondoa vilishio mahali ambapo ndege walikuwa wamelishwa kwa muda wa miaka 25, kisha wakawalinganisha na ndege wasiopata kulishwa kamwe, nao hawakuona tofauti yoyote katika kunusurika kwao. Ndege wale hawakuwa wamesahau kazi yao.

Kwa muhtasari: kilishio humwongezea ndege chakula, hakimwondolei akili ya kujitafutia, na faida yake huonekana zaidi siku za shida kuliko siku za neema.

Chakula chaweza kumbadili ndege mwenyewe

Lakini asidhani mtu kwamba, maadamu ndege hawi mvivu, basi habadiliki. Hapa ndipo penye ajabu kubwa ya mambo haya yote, nami nitakaa hapo kidogo.

Mwaka 1921, huko Swaythling karibu na Southampton, watu waliona ndege wadogo wakitoboa vifuniko vya chupa za maziwa zilizoachwa milangoni alfajiri na kunywa malai yaliyoelea juu. Katika muda wa miaka thelathini tabia hiyo ilikuwa imeenea sehemu nyingi za Uingereza. Hakuna aliyewafundisha, mmoja alijaribu, wengine wakavutwa na chupa ambazo zimekwisha kufunguliwa, na pengine wengi waligundua wenyewe mahali pengi mbalimbali, kwa kuwa kuchana maganda ya miti ndiyo kazi yao tangu azali, na kifuniko cha chupa hakikuwa ila ganda jipya.

Hayo ni mabadiliko ya tabia, yaani ya mambo ayatendayo ndege. Yako na makubwa zaidi, ya kurithiwa, yaani yale ambayo kinda huzaliwa nayo kwa damu ya wazazi wake. Yuko ndege wa rangi ya kijivu, dume lake likiwa na utosi mweusi kama aliyevaa kofia, ambaye kwa ajili hiyo nitamwita kofia-nyeusi. Ndege hawa huzaana Ulaya wakati wa joto, na baridi ikikaribia huhama; wale wa mashariki huja mpaka milima na bustani za Kenya na Tanzania, na wale wa Ujerumani na Austria, kwa ada ya mababu zao, huelekea kusini-magharibi hadi Hispania na Afrika ya Kaskazini. Tangu miaka ya 1960 hivi, baadhi ya hao wa Ujerumani na Austria walianza kuonekana Uingereza katikati ya baridi, jambo ambalo zamani lilikuwa nadra. Mjerumani Peter Berthold na wenzake waliwazalisha ndege hao vizimbani, wakaona kwamba makinda ambao hawajapata kusafiri hata mara moja, wakati wa kuhama ulipofika, waligeukia upande ule ule wa Uingereza ambao wazazi wao waliuelekea. Dira ya safari ilikuwa ndani ya miili yao, na dira hiyo ilikuwa imegeuka.

Kwa nini dira hiyo mpya isifutike, ikiwa Uingereza ni nchi ya baridi kuliko Hispania? Kwa sababu watu wa Uingereza huweka mafuta na mbegu bustanini, na baridi yenyewe siku hizi imepungua ukali. Kofia-nyeusi aendaye huko hapati taabu ya njaa, safari yake ni fupi, na huwahi kurudi Ujerumani kuchagua pahala pema pa kujenga kiota kabla ya wenzake kufika. Waliokwisha kuwapima wamekuta kwamba hao waendao Uingereza wana mbawa za mviringo zaidi, zifaazo safari fupi, na midomo myembamba zaidi kuliko ya wenzao waendao kula matunda ya mizeituni Hispania. Mtu aliyetundika kipande cha mafuta mtini katika kijiji cha Kiingereza, akidhani anampa ndege mlo wa asubuhi, alikuwa pamoja na maelfu ya wenzake akiigeuza njia ya safari ya taifa zima la ndege, bila ya kujua.

Mimi sisemi kwamba hili ni ovu, wala sisemi ni jema. Nasema kwamba lina uzito, na mwenye kulitenda na alitende kwa macho mawili.

Maradhi yaletwayo na mkusanyiko

Porini ndege walao mbegu hutawanyika. Kwenye kilishio hukusanyika, hugusana, na hula katika mate ya wenzao. Mwaka 2005 chiriku wa kijani wa Uingereza walianza kupatikana wamejikunyata bustanini, manyoya yametimka na makoo yamevimba wasiweze kumeza. Aliyewaua ni kijidudu kimoja kisichoonekana kwa macho, cha jinsi ya protozoa, yaani kiumbe chenye seli moja tu, ambacho tangu zamani kilijulikana kwa njiwa, na ambacho huhama kutoka kwa ndege mmoja hadi mwingine kwa mate yaliyobaki juu ya chakula kibichi na ndani ya maji. Katika miaka minne tu chiriku hao walipungua kutoka kadiri ya milioni 4.3 hadi kadiri ya milioni 2.8, na mwaka 2021 waliingizwa katika orodha nyekundu ya ndege wa Uingereza walio hatarini. Walikuwa ndege wa kila bustani. Kilio chenyewe ni kwamba waliokuwa wakiwapenda ndio waliokuwa wakiwakutanisha na maradhi, kila siku, kwa mikono yao wenyewe.

Marekani nako, mnamo 1994, karibu na mji wa Washington, chiriku wa aina nyingine walianza kuvimba macho hata wakapofuka, na ugonjwa huo ukaenea upande mzima wa mashariki ya nchi. Midomo ya vilishio, ambamo ndege huingiza vichwa vyao mmoja baada ya mwingine, ilikuwa miongoni mwa njia zake.

Sisi tuna sababu yetu wenyewe ya hadhari, nayo ni sumukuvu, yaani sumu itokanayo na kuvu waotao juu ya karanga na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevunyevu. Kenya mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu zaidi ya 100. Ndege mwenye gramu ishirini hahitaji nyingi. Karanga au mahindi ambayo mtu ameyatenga kwa kuwa yamefanya ukungu na hayafai kuliwa na watu, wengi huona ni vema kuwapa ndege. Naomba mtu asifanye hivyo. Kisichofaa kwa watoto wako hakifai kwa ndege, na mahali pake ni shimoni.

Njaa ya nchi zetu si njaa ya baridi

Sasa tuje nyumbani. Je, katika Afrika Mashariki, ambako mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima na theluji haiko ila juu ya vilele, ndege hupata njaa? Hupata, lakini wakati wake ni ule ambao mtu asiyefikiri hangeutarajia. Msimu wa kiangazi nyasi zilizokauka huwa zimeangusha mbegu zao ardhini, na ndege walao mbegu huzila kwa miezi. Mbegu hupungua polepole, lakini zipo. Mvua kubwa za kwanza zikinyesha, mbegu zilizobaki huota zote kwa pamoja, na kwa majuma kadhaa, mpaka nyasi mpya zizae, ardhi yote ni kijani na hakuna punje ya kuokota. Sisi tunafurahi kuona majani. Ndege wa mbegu ndipo wanapopungukiwa. Kwelea kwelea, ndege wadogo wenye midomo myekundu warukao kwa mamilioni, huhama wakati huo huo wakazifuata nchi ambazo mvua ilitangulia kunyesha na nyasi zake zimekwisha kuzaa, na njiani huangukia mashamba ya mpunga, mtama na uwele. Mtu wa dunguni, basi, hana kosa katika uadui wake. Kwelea mmoja hula kadiri ya gramu 10 za mbegu kwa siku, na kundi lao ni msiba. Aliye karibu na mashamba ya nafaka asiweke nafaka bustanini hata kidogo. Hiyo ni haki ya jirani yake.

Mijini kuna tatizo jingine, nalo ni kunguru wa Bara Hindi, mwenye shingo ya kijivu, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asafishe taka, na ambaye tangu hapo ameenea Dar es Salaam, Mombasa, Malindi na kuingia bara. Ndege huyo hula mayai na makinda ya wenzake, na idadi yake huongezeka kwa kadiri ya makombo tunayoyaacha wazi; mwaka 2024 Kenya ilitangaza azma ya kuwaangamiza milioni moja. Wali, ugali, mifupa na matumbo ya samaki yaliyotupwa uani kwa jina la kuwalisha ndege humlisha yeye, na usiku huwalisha panya. Kwa maoni yangu, katika miji yetu ya pwani kumwaga makombo nje si ihsani kwa ndege kabisa, na afadhali jambo hilo liachwe.

Meza iliyo bora: maji na miti

Baada ya kuyapima yote hayo, kauli yangu ni kwamba mtu wa pande zetu atakaye ndege bustanini na aanze na maji, kisha apande, na nafaka iwe ya mwisho. Siku ya kiangazi, jua la adhuhuri likiwa juu ya mabati, maji ya ndege ni adimu kuliko chakula chao, na hata wale ambao hawatagusa mbegu yako kamwe, kwa kuwa riziki yao ni wadudu au asali ya maua, watakuja kunywa na kuoga. Sahani pana ya udongo, isiyozidi kina cha kidole, yenye jiwe katikati la kutulia, yatosha.

Hofu ya mbu ni ya haki. Yai la mbu huhitaji kadiri ya juma moja au zaidi kuwa mbu arukaye. Kwa hiyo maji yamwagwayo na sahani isuguliwayo kila asubuhi hayawezi kuzaa mbu hata mmoja, ilhali maji yaachwayo siku kumi yaweza kuwazaa.

Kuhusu kupanda, mforsadi, mpera na mpapai itawaleta walao matunda. Mkuyu, kwa mwenye nafasi, utawaleta wote. Shubiri, haibiskasi, mgomba na mnazi katika maua yake zitamleta chozi, ndege mdogo ang'aaye kama madini, mwenye mdomo mwembamba uliopinda wa kufyonzea asali ya maua. Wako walioona Wamarekani wakiwawekea ndege wavumaji maji ya sukari, sehemu moja ya sukari kwa nne za maji, wakataka kumfanyia chozi vivyo hivyo. Joto letu huyachachusha maji hayo upesi, na maua hayahitaji kuoshwa. Tena asipulizie sumu ya wadudu ovyo, kwa kuwa hata minana na ndege wengine walao mbegu huwalisha makinda yao wadudu, na bustani isiyo na viwavi ni bustani ambamo makinda hufa.

Na atakayependa kuweka chakula juu ya hayo, na ashike masharti haya:

- Aweke kidogo, kiasi cha kuliwa kikaisha kabla ya jioni: ndizi mbivu, kipande cha papai, au gao la uwele au mtama mkavu.
- Akioshe chombo kwa maji ya moto na sabuni, akikaushe juani, kisha anawe mikono; na akihamishe mahali mara kwa mara ili kinyesi kisirundikane.
- Asikiweke karibu na banda la kuku, kwani maradhi huvuka kutoka huku kwenda huko.
- Akiweke ama chini ya mita moja kutoka dirishani, ambapo ndege akishtuka hapati kasi ya kujiumiza, ama mbali zaidi ya mita kumi. Marekani peke yake, ndege wafao kwa kujigonga vioo hukadiriwa kuwa kati ya milioni 365 na milioni 988 kwa mwaka.
- Pawe mbali na kichaka ambamo paka aweza kujificha.
- Akimwona ndege amejikunyata, haruki ajapokaribiwa, aondoe chakula na maji yote kwa majuma mawili au zaidi, ili wale wazima watawanyike.

Sharti hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa maana moyo humwambia mtu kwamba ndege mgonjwa ndiye ahitajiye kulishwa. Asiusikilize.

Kuwatazama, na kuandika

Faida ya yote haya kwa mtu mwenyewe ni macho. Aketiye kimya barazani nusu saa baada ya alfajiri atamwona shore akitangulia, yule ndege wa hudhurungi mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, ambaye haogopi watu na ndiye aghalabu aanzaye kuimba kabla ya mapambazuko. Kuzumburu, wenye mikia mirefu na vishungi, huja kwa aila, hutambaa matawini kama panya na huning'inia vifua juani. Tongo, wadogo sana, wa rangi ya shaba, huketi wameshikana bega kwa bega juu ya tawi moja hata likainama. Tetere na pugi hawapandi mezani. Huokota chini yaliyodondoka. Bara, katika bustani zenye nyasi fupi, huenda akaja hudihudi mwenye kishungi, akichoma udongo kwa mdomo mrefu kutafuta mabuu, na huyo hahitaji chochote kwako ila nyasi usizozitia sumu.

Mwenye kutazama atajifunza upesi kuusoma mdomo: mnene na mfupi ni wa kupasulia mbegu, mrefu uliopinda ni wa maua, mwembamba ulionyooka aghalabu ni wa wadudu. Kisha ataanza kuona mpangilio wa heshima, nani humpisha nani, na namna mnana dume, akiwa katika manjano yake ya msimu wa kujenga, anavyowafukuza hata wanaomzidi mwili.

Na aandike. Tangu 1979 RSPB huwaomba watu wa Uingereza, mwishoni mwa juma la mwisho la Januari, wahesabu ndege wa bustanini kwa saa moja. Jambo hilo lilianza kama kazi ya watoto, na leo ni mojawapo ya madaftari marefu kuliko yote ya hali ya ndege, ambalo limeonyesha, mathalan, jinsi shomoro walivyopungua. Kanuni yake moja yafaa kuigwa na kila mtu: usijumlishe ndege wajao mmoja mmoja, kwani yule yule huweza kuja mara kumi, andika idadi kubwa kabisa ya kila spishi, yaani kila aina moja ya ndege, uliyoiona kwa wakati mmoja. Ukiona tongo wanne, kisha saba, kisha watatu, andika saba.

Kwetu milango ya kazi hiyo iko wazi. Nature Kenya, ambayo ndiyo jumuiya ya elimu ya viumbe iliyoanzishwa 1909, ina desturi ya matembezi ya kutazama ndege Nairobi kila Jumatano asubuhi, na wageni wasiojua jina hata moja hupokewa. Kenya na Tanzania zote zina ramani za ndege zijazwazo kwa taarifa za watazamaji wa kawaida. Nchi hizi mbili kila moja ina spishi zaidi ya 1,000, na maeneo mengi, hasa vitongoji vya miji na vijiji vya pwani, hayana mtu ayaandikiaye hata mstari mmoja. Basi wewe msomaji, uwe Tanga au Lamu, Bagamoyo au Kisumu, tafuta kesho sahani ya udongo na daftari la shule, jaza maji, andika tarehe, mahali, na majina ya unaowajua. Usiowajua waandike kwa rangi zao na umbo la midomo yao, kisha taarifa hizo zipeleke kwa wanaozikusanya, maana zinahitajiwa.